Papa Nuhu Assani na Boliti Nane za Samy

Leo, tarehe 31 Julai 2023, Papa Nuhu Assani, fundi mkuu wa Karakana ya Mawe Meusi hapa Goma, anavua ovaroli yake baada ya miaka thelathini ya utumishi. Alianza kazi kwetu Aprili 1993. Wasifu huu umechapwa katika ratiba ya sherehe, na pia utasomwa kwa sauti mbele ya wafanyakazi, familia na wageni wetu.

Kwa desturi mstaafu hukalishwa kiti cha mbele, akavikwa shada na kulishwa keki kama bwana harusi. Papa Nuhu amegoma. Alikubali sherehe hii kwa masharti mawili tu. La kwanza, kifo cha fundi Samy Mumbere kielezwe mbele ya watu jinsi kilivyotokea, kwa sababu kilielezwa vibaya siku ya maziko. La pili, wasifu huu ukisomwa, yeye asimame mwanzo hadi mwisho. Basi msishangae kumwona mzee mzima amesimama kama mwanafunzi aliyechelewa darasani, na kiti chake chenye maua kiko tupu nyuma yake.

Kazi ya kuandika nimepewa mimi, Charline Masika, msimamizi wa meza ya majaribio ya presha. Samy alikuwa kaka yangu, tumbo moja. Mara ya kwanza nilikataa katakata. Kisha nikafikiri kwamba kama nisingeandika mimi, angeandika mtu wa kutia sukari, na sukari katika habari hii tumelishwa ya kutosha.

Tuanze na mazuri, maana yapo, tena mengi.

Papa Nuhu alizaliwa Birere, mtaa wa hapa hapa Goma, katika familia ya Kiislamu yenye asili ya Maniema. Baba yake alikuwa dereva wa malori, na kila mtu alitegemea kijana naye angeshika usukani. Yeye akaenda upande wa pili wa nchi, Muanda, kwenye visima vya mafuta. Huko alijifunza kazi ya kichwa cha kisima, yaani ule mrundo wa vali na vyuma unaokaa juu ya kisima na kukizuia kisitapike. Alirudi Goma na mke, Mama Mwanaheri, na futi ya chuma, na kiburi cha kujaza lori. Unyenyekevu kama aliwahi kuwa nao, aliusahau Muanda.

Ovaroli yake hupigwa pasi hadi leo. Chai yake ina tangawizi ya kuchoma koo. Akikuta fundi ameweka spana chini kwenye mchanga, humsema hadi mtu anatamani ardhi ipasuke. Lakini mgeni akiingia na kuuliza jambo la flanji, mzee anageuka asali, na kazi zote zinasimama mpaka amalize kufundisha.

Kwa wasiojua, flanji ni lile sahani la chuma lenye mashimo kwenye mdomo wa bomba au vali. Unakutanisha mawili, unaweka pete ya chuma katikati, unapitisha boliti, unakaza. Mtoto anaweza kuelewa. Kinachoua ni kwamba viwango vyake viko katika vitabu viwili. Kuna kitabu cha mabomba ya viwandani, ambacho hupanga flanji kwa madaraja: mia sita, mia tisa, elfu moja na mia tano. Kuna kitabu cha visima vya mafuta, ambacho hutaja presha yenyewe: elfu mbili, elfu tatu, elfu tano, yaani paundi kwa kila inchi ya mraba. Sasa shika flanji ya inchi tatu ya daraja la mia tisa, uiweke mbele ya ile ya kisima ya elfu tatu. Mashimo nane kwa mashimo nane. Duara ni lile lile. Pete ni ile ile. Zinakaa pamoja kama watu waliozoeana. Lakini chuma chake si kimoja, na ule mzigo ambao ya kisima hubeba, hasa siku ya jaribio ambapo presha hupandishwa maradufu, ile nyingine haikuumbwa kuubeba.

Papa Nuhu alilisema hili kila Jumatatu, kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho boliti huitwa boulon, akigonga meza: "Boulon inaweza ingia, na ile chuma bado inakukatala!" Ndiyo maana sheria yake ya kwanza ilikuwa burashi ya waya. Kabla hujafunga flanji yoyote, ikwangue ukingo mpaka usome maandishi yaliyogongwa. Rangi isikudanganye, kutu isikudanganye, na aliyekuuzia ndiye kabisa.

Mwaka 1994 ulimkuta hapa. Waliokuwapo hawahitaji kuelezwa, na wasiokuwapo washukuru Mungu. Watu walivuka mpaka kutoka Rwanda wakajaa barabara yote hadi Kibumba na Mugunga, kisha kipindupindu kikawaangukia. Maiti zilifungwa mikeka zikalazwa kandokando ya njia, kwa sababu mawe ya volkano hayakubali jembe. Maji yalikuwepo, ziwa zima, lakini ya kunywa hayakuwepo. Pampu zililetwa kwa ndege kutoka nchi nyingi, kila moja na flanji za kwao. Unapata hii ina mashimo nane na ile ina mashimo nane, lakini duara la moja ni pana kuliko la mwenzake, na boliti haipiti hata uiombe. Karakana yetu ndiyo iliyochonga vipande vya kuziunganisha.

Siku moja karibu na ufukwe wa Kituku, mafundi wawili walifunga kiungo wakakimbia, kwa sababu ya harufu na kwa sababu ya waliolala pale. Hatuwalaumu. Boliti zilikuwa zimelegea, maji yakamwagika, asubuhi tangi likakutwa kavu. Watu waliokuwa wakingoja kwenye mabomba waliteremka ziwani wakanywa pale pale ambapo maiti zilikuwa zikioshwa na mawimbi. Papa Nuhu aliwaona wakinywa. Alilia kwa sauti, mbele ya vijana wake, kisha akaweka sheria ya pili, ambayo ikawa desturi ya karakana hii na fahari yetu mjini kote: aliyefunga asimame na kazi yake. Ukimaliza kukaza, unaweka kiganja juu ya flanji na unasimama hapo mpaka maji yafike mwisho wa safari. Kiungo kikivuja, kiganja chako ndicho kinachojua kwanza.

Desturi ile iliokoa watu. Presha ya maji ya kambi ni ndogo, kiungo kikilegea kinakulowesha mkono basi. Hakuna aliyekimbia kazi tena. Fundi wa Mawe Meusi alijulikana kwa kusimama.

Volkano ya 2002 pia ilimkuta hapa. Lava ilipoanza kushuka mjini, watu walibeba magodoro, sufuria, mbuzi. Papa Nuhu alipakia kwenye chukudu sanduku la pete za chuma na pampu ya majaribio, akasukuma mkokoteni ule wa mbao hadi njia ya Sake, akitoa jasho na matusi. Kitanda chake cha ndoa kikaungua. Mama Mwanaheri alipomkuta huko alimuuliza swali moja tu, "Sasa tutalalia mapete?", na swali hilo amemuuliza kila msimu wa baridi tangu hapo. Mama, poleni. Pampu ile bado inafanya kazi.

Ni kwa sababu ya pampu ile kazi za mafuta zilitufikia. Wachimbaji wa ng'ambo ya mpaka, kule Uganda, walianza kututumia vali za vichwa vya visima kupitia mpaka wa Bunagana, tuzitengeneze na kuzijaribu. Tulifurahi. Karakana ya pampu za kambi sasa inashika vyuma vya elfu tatu! Mafundi walijipiga vifua. Na waliposogea kwenye meza ya majaribio, walisogea na desturi yao. Fundi alifunga flanji yake, akaweka kiganja juu, akasimama, na presha ikapandishwa.

Papa Nuhu alijua kwamba Muanda hakuna kiumbe anayesimama karibu na chuma kinachojaribiwa. Viwango vyenyewe vinasema watu wote watoke. Alijua, na aliacha. Ameniambia mwenyewe kwamba kila alipotaka kukataza, alikumbuka wale watu wa Kituku, akaona kama anawaambia vijana sasa wanaruhusiwa kukimbia. Na tuseme kweli, ilimpendeza. Ilikuwa sheria yake, na wageni walikuwa wakiisifia.

Novemba 2012 vita vilikuwa Kibumba, kisha Kibati. Mizinga ilisikika hadi kwenye meza ya chai. Mwenye vali alizitaka zivuke mpaka kabla mji haujafungwa. Vali moja ilikuwa imekosa flanji ya kuziba mdomo wake. Papa Nuhu aliingia mwenyewe ghalani, akachokora sanduku la vyuma tulilorithi kutoka kampuni iliyokimbia vita vya awali, akatoka na kipande kilichopakwa rangi nyekundu. Mashimo nane. Pete ikakaa vizuri. Burashi ya waya ilikuwa imening'inia pale pale ukutani, na hakuigusa. Alimkabidhi Samy akamwambia afunge.

Samy alifunga. Mumjue Samy: ni mtu aliyekuwa akifunga mlango wa nyumba usiku, kisha anarudi kuusukuma, kisha anarudi tena, mpaka mama anamzomea. Alikaza kwa msalaba, boliti hii na ya mkabala wake, kama alivyofundishwa. Akaweka kiganja juu. Papa Nuhu alikuwa nyuma ya pampu, na mkono uliopandisha presha ulikuwa wake. Flanji ilipasuka. Kaka yangu alipigwa kifuani, na hapakuwa na kumpeleka hospitali, kwa sababu alikuwa ameshakata roho pale pale.

Tulimzika kesho yake haraka haraka, watu wakiwa na mabegi mgongoni tayari kukimbia. Mkurugenzi wa wakati ule, ambaye alishaondoka kwetu zamani, alizungumza kaburini. Aliogopa kupoteza kazi za ng'ambo. Alisema kijana alikuwa na haraka, hakukaza boliti zote, Mungu amsamehe. Alisema hivyo mbele ya wafanyakazi, mbele ya akina mama wa parokia, mbele ya jamaa waliokuwa wameshatoka Butembo kabla njia haijakatwa. Papa Nuhu alikuwa amesimama karibu, na alikuwa ameshaikwangua ile rangi nyekundu. Alikuwa ameshaisoma: mia tisa. Alinyamaza. Niliwahi kumwomba anitajie sababu ili niiandike vizuri, akanikatalia mapambo. Aliogopa kufukuzwa, aliogopa kushikwa, aliogopa macho ya watu. Aliogopa, basi.

Siku iliyofuata waasi waliingia mjini, na kila mtu akawa na msiba wake wa kuhangaikia. Lakini lile neno la kaburini halikukimbia na watu. Lilibaki na mama yetu, Mama Béata Kahindo. Alikuwa akiuza viazi na maharage ya Kiwanja sokoni Virunga, na kila kitu kikianguka, gunia likifunguka, kamba ikikatika, kulikuwa na mtu wa kusema kwa kucheka kwamba huyo amefunga kama mtoto wa Mama Béata. Jamani, watu! Akaacha soko lile. Akaacha kukaa na akina mama wenzake kanisani, akawa anakaa nyuma karibu na mlango, anatoka kabla ya baraka. Alikuwa na jibu moja tu, kwa kila mtu, "Samy hakukuwaka na haraka ata siku moya," na hakuna aliyemsikiliza. Mtoto wake alikuwa amekufa, na jina lake lilikuwa likifa kila siku.

Mwaka 2014 nilikuja karakana hii kuuliza. Nilitaka mtu anieleze jinsi yule wa kusukuma mlango mara tatu anavyosahau boliti. Papa Nuhu hakuniuliza mimi ni nani, maana uso wetu ni mmoja. Alinipeleka ghalani, akafunua turubai. Flanji ilikuwa pale, imepasuka katikati, na boliti zote nane zilikuwa bado mahali pake, zimevutika kwa nguvu ya presha, nati zake zimeshika hadi mwisho. Hakuna hata moja iliyolegea. Akaniambia yote, kuanzia burashi hadi kaburini.

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Kinande na kwa Kifaransa nilichosomea, nikamwita muuaji, mafundi wakatoka nje wasisikie. Hakujitetea. Niliporudi wiki iliyofuata nilimwambia anifundishe kazi yote, kila kiwango, kila alama, kila pete, mpaka niweze kumkosoa yeye mwenyewe. Alinifundisha. Namkosoa. Anachukia, halafu anachukua miwani na kuangalia upya.

Alikwenda pia kwa mama yetu, akakiri. Mama alimpa chai. Alimwambia kwamba yeye hakuhitaji kuelezwa habari za mtoto wake, kwamba aende akawaambie wale waliosikia kaburini: "Mbele ya bale bale batu." Papa Nuhu alikwenda kwa mkurugenzi, akafokewa na kuonywa, na uoga ukamrudia. Miaka ikapita hivyo. Wakuu wakabadilika, vita vikabadilika majina, na yeye akawa anasema mwakani.

Katika miaka hiyo alifanya kazi ambayo ni lazima nayo isemwe. Alijenga ukuta wa mawe meusi kuzunguka meza ya majaribio. Presha ikipanda, wote tunatoka, na kipimo kinasomwa kutoka nyuma ya ukuta. Hakuna flanji inayoingia bila burashi, hata kama risasi zinalia, hata kama mwenye mali anapiga kelele. Amefundisha mafundi ambao leo wako Beni, Bukavu na ng'ambo ya mpaka. Tangu Samy, meza ile haijamuumiza mtu.

Na mwaka huu, watu wa Rutshuru na Masisi walipomiminika tena wakajaa Bulengo na Kanyaruchinya chini ya mahema, tulitumwa kufunga mabomba ya maji. Nilimwona Papa Nuhu, wiki chache kabla ya kustaafu, amemaliza kukaza kiungo kwenye tope, ameweka kiganja juu ya flanji, amesimama. Presha ya maji, ndogo. Alisimama mpaka mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alipopiga kelele kwamba maji yamefika. Jioni hiyo, tukirudi, aliniambia masharti yake mawili.

Tumewatafuta wale wa kaburini. Wengine wamekufa, wengine wako mbali na njia imefungwa. Mkurugenzi wa zamani alialikwa, akatuma salamu kutoka Kinshasa, na hatukushangaa. Lakini akina mama wa parokia wapo. Muzee Damascène aliyetengeneza jeneza yupo. Mafundi wa zamu ile wapo. Ile flanji ipo mezani, mbele ya keki, mnaweza kuja kuishika na kuzihesabu boliti wenyewe.

Basi isikieni mbele ya watu wale wale. Samy Mumbere alikaza boliti zote nane. Alizikaza sawasawa. Flanji aliyopewa haikuwa ya kazi ile, na aliyempa ni Papa Nuhu Assani, ambaye alijua tofauti na siku ile hakutazama. Kusimama pale ilikuwa desturi ya karakana yetu, na ilikuwa kosa letu. Neno lililosemwa kaburini lilikuwa uongo. Karakana inaomba radhi kwa Mama Béata Kahindo, aliyeketi leo mstari wa kwanza, katikati ya wenzake.

Papa Nuhu, asante kwa maji ya 1994. Asante kwa pete ulizosukuma kwenye chukudu. Asante kwa kunifundisha kusoma chuma. Mimi sijakusamehe kila kitu, na wewe hujaniomba, na tumefanya kazi vizuri hivyo hivyo miaka tisa. Nitakukosa, mzee mbishi wewe. Tunakuombea afya, usingizi mtamu kwenye kitanda cha kweli, na maisha marefu pamoja na Mama Mwanaheri.

Wiki iliyopita nilimsomea mama karatasi hizi zote. Nilimuuliza kama anataka kuongeza neno, kwa kuwa leo hii ni siku yake pia. Alifuta miwani yake kwa kitambaa cha kichwani. Nilidhani atamtaja Samy. Akasema, "Umuambie aikale. Alishasimama mingi."

Keti, Papa.